Kaka yangu, mimi, na wale wanaume 1,643

Naanza na mkojo, mnisamehe, manake hadithi yenyewe, ya kansa ya tezi dume, haina mlango mwingine. Mwaka 2018 hivi nlianza kuamka usiku mara moja, alafu mara mbili, ikafika mara nne, nasimama chooni kama mtu anaekinga maji kwa mfereji wa Malindi wakati wa kiangazi, tone, kimya, tone, narudi kitandani sijafumba jicho naskia tena. Mke wangu akiniuliza wafanya nini huko, namwambia nakunywa maji mengi. Uongo mtupu. Nlikuwa naacha maji toka saa kumi na moja jioni.

Mimi ni fundi wa mashine za boti, nakaa Shela hapa Malindi, miaka thelathini na kitu nafungua Yamaha za wavuvi na za watalii. Nasema hivo mjue mapema kwamba mimi si daktari, haya ni yalonikuta na yale nlouliza mpaka daktari akachoka na mimi.

Pale barazani kwetu penye kahawa tungu na dhumna kila mzee ana habari ya mkojo lakini hakuna anaesema. Tunasema kwa mzaha. Mtu akiinuka mara ya tatu anaambiwa "nenda kamwagilie mnazi" tunacheka, yeye pia anacheka, basi yameisha. Nlienda zahanati moja, jina siitaji, nikapewa dawa za UTI. Nikarudi, nikapewa tena. Mara nne, na mkojo wangu haukupimwa hata siku moja. Mimi kijana wangu wa kazi angekuwa abadilisha plagi mara nne na hajafungua tanki kuangalia kama mna maji ndani ya petroli, ningemfukuza. Lakini kwa daktari nanyamaza, nalipa, naenda zangu.

Sasa nliache hilo kidogo manake kilichonigutusha si mkojo wangu, ni mgongo wa kaka yangu.

Kaka alikuwa Lamu, Langoni, seremala, hii milango ya kuchonga mnayopiga picha mkienda kule baadhi imetoka mikononi mwake. Mgongo ulimuanza tukasema ni kazi, mtu amepinda juu ya mbao miaka arubaini mgongo si lazima uume? Akapigwa chuku, akakandwa na mafuta ya mnyonyo, akamezeshwa kila kidonge cha duka la dawa. Mwaka mzima na nusu. Kuna daktari aliwahi kumwambia mzee twaa ulale ubavu nikupime kwa kidole, kaka akavaa kikoi chake akatoka na hakurudi. Hilo alinambia mwenyewe baadae sana, na alicheka akinambia, ila si cheko ya furaha.

Mwezi wa kwanza 2020 miguu ikakataa. Ametoka kuswali alfajiri, anashuka ngazi ya msikiti, chini. Wakambeba kwa boti mpaka Mokowe, gari mpaka kwangu Malindi, kesho yake tukawa Mombasa. Akatolewa damu kupima kitu kinaitwa PSA, ni protini inayotoka kwa tezi dume, ile tezi iliyo chini ya kibofu ambayo mkojo unapita katikati yake. Madaktari wengi wanaanza kukunja uso ikipita 4. Ya kaka ilikuwa 780 na kitu. Mimi nlidhani wamekosea nukta.

Alotupokea ni daktari kijana, Mdigo, ana subira ya ajabu, na ndie alonifanya niandike haya. Alichukua risiti ya maabara akaigeuza nyuma akachora. Akasema mzee, kansa imetoka kwenye tezi imeingia kwenye mifupa ya mgongo, siwezi kuitoa yote, lakini naweza kuikatia mafuta. Hapo nikasogea karibu manake sasa anasema lugha yangu. Kumbe hii kansa inakula homoni ya kiume, testosteroni, ukiifungia inasinyaa. Kuna daktari wa Chicago, Charles Huggins, ndie aloonyesha jambo hili mwaka 1941, na 1966 akapewa tuzo ya Nobel. Kwa hiyo chaguo mbili: sindano kila miezi mitatu maisha yote, au upasuaji mdogo wa kutoa korodani, mara moja, bei nafuu.

Kaka akanyamaza mpaka magharibi. Alafu akasema nipelekeni kwa shekhe. Shekhe akamwambia ni dawa, na dharura ina hukumu yake, tibiwa. Akakatwa. Usiku ule wodini ananambia "haya, sasa mimi ni punda wa Langoni, nibebesheni mchanga". Nlicheka mpaka machozi, alafu yakawa machozi kweli.

Baada ya hapo daktari akasema tuongeze kemo, zile dawa kali za kuua kansa, dozi sita, moja kila wiki tatu, dawa inaitwa dositakseli. Mimi nikabisha. Mtu ameshakatwa, ameshadhoofika, mnataka kummaliza? Ndipo nikaskia kwa mara ya kwanza jina STAMPEDE. Ni utafiti ulioanza Uingereza mwaka 2005, Uswisi ikaingia pia, mpaka unafunga mlango walikuwa wanaume karibu 12,000 wamepita ndani yake. Ujanja wake ni huu, na kama fundi niliupenda: badala ya kujaribu dawa moja miaka kumi, ufunge, uanze upya, wao waliweka dawa kadhaa pembeni mwa matibabu ya kawaida kwa wakati mmoja, isiyofaa inatolewa njiani, mpya inaingizwa, boti haizimwi. Mwaka 2015 wakatoa majibu ya dositakseli: wale ambao kansa imeshasambaa kama kaka, walopewa matibabu ya kawaida peke yake nusu yao walifika miezi 45, walioongezewa kemo miezi 60. Daktari akasema mzee hiyo ni mwaka na robo, kaka yako ana binti hajaolewa si ndio? Alikuwa anae. Nikatia sahihi.

Alafu akageuza kiti akaniangalia mimi. "Na wewe mdogo wake, umepima?"

Nikamwambia mimi niko sawa. Akasema babako ama kaka yako akiwa nayo hatari yako ni kama mara mbili ya mtu mwingine. Nikamwambia nina kazi Malindi. Akasema damu inatolewa dakika mbili. Kaka kitandani akasema, kwa sauti ya mtu alokwisha kukatwa, "toa damu, usinitie aibu."

9.4.

Sasa hapa nataka kuenda polepole manake wengi wanaona namba wanakimbia, wengine kwa kisu wengine kwa mganga. Daktari hakukimbia. Alipima mkojo kwanza, mara ya kwanza mkojo wangu kupimwa tangu hii balaa ianze, akakuta kweli kuna maambukizi, akatibu, akasema hayo peke yake yanapandisha PSA, subiri wiki kadhaa, siku mbili kabla ya kurudi usipande baiskeli na usimkaribie mke. Nikarudi, 8.1. Imeshuka lakini haijashuka vya kutosha. Kidole nacho nikapimwa, kinapita njia ya nyuma kuigusa tezi, na nawaambia wazi nyote mnaoogopa: ni sekunde kumi, kumi na tano. Nimeshakaa vibaya zaidi ya hapo nikitoa propela iliyonasa nyavu. Nlichokuwa naogopa miaka yote ile hakikufika urefu wa tangazo la redio.

Binti yangu ni nesi Uingereza, nikampigia, akasema baba usikubali sindano za kutoa vinyama vya tezi vikapimwe kabla ya picha ya MRI, ile mashine ya kuona ndani ya mwili. Nikadhani anajitia ujuzi wa ulaya. Nikamuuliza daktari kwa kujificha kidogo nisimvunjie heshima, akatabasamu, akasema binti yako yuko sawa. Zamani PSA ikipanda mtu alilazwa akachomwa sindano 12 kwa kubahatisha, kama mvuvi anatupa nyavu usiku bila kujua samaki wako wapi, anaweza kukosa papa akaleta vidagaa. Wakafanya utafiti unaitwa PROMIS, wanaume 576, hospitali 11 za Uingereza, majibu 2017. Kila mmoja alipigwa MRI kisha akatolewa nyama kwa njia ya kawaida na tena kwa njia ya kina sana, sindano nyingi mno, ili wajue ukweli ni upi. Fikirieni hilo. Hao 576 walikubali kuchomwa kuliko walivohitaji ili ijulikane mimi nahitaji kuchomwa au la. Wakaona kwamba MRI ikitangulia, mtu mmoja kati ya wanne hivi, asilimia 27, angeweza kuepushwa sindano kabisa. Mwaka uliofuata ukaja mwingine, PRECISION, wanaume 500 kutoka nchi 11, nao ukaonyesha kwamba sindano zinazofuata picha zinapata kansa zile za hatari kwa wengi zaidi, asilimia 38 dhidi ya 26, na vile vidagaa visivyo na madhara zinaviacha.

Nikauza mashine moja ya akiba, nikaenda MRI. Ile bomba inapiga kelele kama fundi mabati wawili wanagombana, nikalala ndani yake nasoma Ayatul Kursi na kuhesabu misumari. Picha ikaonyesha kidoa kimoja upande wa kushoto. Kwa hiyo sindano sikuziepuka. Ila walijua wanalenga wapi. Kila moja inalia "ka!" kama stepla ya ofisini, na mkojo wangu siku tatu ulikuwa rangi ya ukwaju, na shahawa wiki kadhaa zina kahawia, nasema hili manake mimi hakuna alonambia vizuri nikadhani nakufa.

Majibu: kansa ndio, Glisoni, yaani kipimo cha ukali wake, 3+3, jumla 6, ngazi ya chini kabisa wanayoiita kansa. Na hapa cha kuchekesha, kule kuamka usiku kote haikuwa kansa! Ilikuwa tezi imefura tu kwa umri, ile ya wazee wengi, nikapewa kidonge kimoja cha kila usiku na siku hizi naamka mara moja. Kansa yenyewe ilikuwa imekaa kimya haina dalili hata moja. Ningesubiri dalili yake ningeipata pale kaka alipoipata.

Nyumbani wakagawanyika. Wanangu wa kiume, itolewe, itolewe kesho. Mke wangu hasemi kitu, anapika tu, chakula kingi kupita kiasi. Mimi nawaza nepi. Nlikuwa nimeskia mtu alofanyiwa upasuaji huo mkojo ukawa haukai. Na yale mengine ya chumbani, umri wangu ulikuwa 61, sijazeeka hivyo.

Daktari akasema kuna njia ya tatu, na kabla hajaitaja akanipa hadithi ya jina lake. Uingereza tena, utafiti ProtecT, ulioongozwa na Freddie Hamdy wa Oxford na Jenny Donovan wa Bristol na David Neal. Walipima PSA wanaume 82,429 wa miaka 50 mpaka 69, kati ya 1999 na 2009, wakapata wenye kansa ambayo haijatoka kwenye tezi, na 1,643 kati yao wakakubali kitu ambacho mimi nisingekubali: kompyuta iwapigie kura. 553 upasuaji, 545 mionzi, 545 kufuatiliwa tu. Hujichagulii. Mwanzoni watu walikataa, wengi, na madaktari wakawa wanashangaa kwa nini. Huyu mama Donovan si mpasuaji, kazi yake ni kuchunguza jamii na jinsi watu wanavyoongea, akaomba mazungumzo ya wagonjwa na madaktari yarekodiwe, akakaa akayasikiliza. Akagundua ugonjwa uko kwenye maneno. Ile njia ya tatu walikuwa wanaiita kwa jina ambalo mgonjwa akiliskia anaelewa "tutakaa tunakuangalia ukifa". Wakabadilisha jina likawa kufuatilia kwa bidii, wakabadilisha na mpangilio wa maelezo, na waliokubali kura wakapanda kutoka kama watatu au wanne kati ya kumi mpaka saba.

Hili lilinikaa kichwani kuliko namba zote. Manake hata kwetu, daktari wa kwanza aliponigusia alisema "tutangoja". Kungoja! Mswahili ukimwambia angoje na ana kansa, anaelewa angoje sanda. Nikamwambia daktari, hii kwetu si kungoja, hii ni zamu. Boti ikilala nanga Malindi hapa wakati wa kusi, kuna mtu analala ndani yake. Halali usingizi, hafanyi safari, lakini kamba ikikatika yuko. Mtu huyo tunasema yuko zamu. Akacheka akaandika kwenye karatasi yake, na naskia mpaka leo anawaambia wagonjwa "tutakulinda zamu". Huo ndio mchango wangu kwa sayansi ya dunia, msinidharau.

Basi niko zamu tangu 2021. PSA kila miezi sita, MRI imerudiwa, sindano zimerudiwa mara moja. Mwezi wa tatu 2023 majibu ya miaka 15 ya wale 1,643 yakatoka, daktari akaniwekea mezani kama mtu alopokea barua ya jamaa. Waliokufa kwa kansa hii katika miaka yote hiyo ni 45. Kumi na saba wa zamu, kumi na wawili wa upasuaji, kumi na sita wa mionzi. Tofauti ambayo wataalamu wanasema haina maana. Lakini akanipa na upande wa pili bila kuficha: kansa kusambaa ilikuwa asilimia 9.4 kwa wa zamu, na kama 5 kwa wale wengine wawili. Na zaidi ya nusu ya wa zamu, asilimia 61, mwishowe walitibiwa. Kwa hiyo zamu si kusamehewa. Ni kupewa muda, na ukipewa muda lazima uende kliniki, usipoenda basi hiyo tena si zamu, umelala.

Siku hiyo ndio nlimuuliza swali nlilokuwa nalo muda. Nikamwambia daktari, hao 1,643, wako wangapi kama mimi?

Akashusha kalamu. Akasema karibu wote ni Wazungu.

Kimya kidogo.

Akasema ndio sababu sikuachii miaka miwili bila kukuona kama ningemwachia mwingine. Kule Uingereza kwenyewe mwanamume mmoja kati ya wanane atapata kansa hii maishani, ila kwa weusi ni mmoja kati ya wanne. Sehemu ni damu, yaani urithi, kuna mahali kwenye kromosomu ya nane, moja ya zile nyuzi zinazobeba urithi mwilini, wanapaita 8q24, pamejaa alama zinazoongeza hatari na baadhi zinaonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Sehemu ni kuchelewa, umasikini, umbali, hayo ya kaka. Ni kiasi gani kipi, hawawezi kutenganisha vizuri mpaka wahesabu watu wetu. Na wameanza, kuna mtandao unaitwa MADCaP, hospitali za Dakar, Accra, Ibadan, Abuja, Johannesburg, Cape Town na wenzao wa Marekani, wanakusanya kwa utaratibu mmoja ili damu ya Dakar iweze kulinganishwa na ya Johannesburg. Nikamuuliza na Mombasa? Akaniangalia tu. Binti yangu nae akanambia kule wameanzisha mwingine mkubwa wa kupima, TRANSFORM, wa pauni milioni 42, na safari hii wameamua toka mwanzo kwamba wanaume weusi wataanza kualikwa na miaka 45 wakati wengine ni 50, na angalau mmoja katika kila kumi wanaoalikwa awe mweusi. Nikasema heri. Ila mweusi wa London si mweusi wa Lamu, anakula vingine, anaishi kwingine, ana hospitali mtaani.

Alafu nikakumbuka sisi wenyewe. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wako Kilifi hapo tangu 1989, wao na chuo cha Oxford na shirika la Wellcome la Uingereza, saa moja tu kwa matatu kutoka kwangu. Sisi miaka ile tulisemaje? Tulisema wanyonya damu. Tulisema wameingia na shetani. Mimi mwenyewe nlimkataza mke wangu asimpe mtoto atolewe hata tone, na nlijiona mwanamume. Watoto wa wenzetu wakatolewa, na chanjo za malaria zilizopitishwa na shirika la afya la dunia mwaka 2021 na 2023, zote mbili, watoto wa Kilifi wamo ndani ya majaribio yake. Wajukuu zangu sasa wanafaidi mikono ya watoto ambao baba zao hawakuwa wajanja kama mimi. Si ati hofu yetu ilikuwa ujinga mtupu, hapana, mtu akija na gari na sindano na hakuelezi kwa lugha yako, ana haki ya kuogopwa. Lakini kuna tofauti ya kuogopa ukauliza na kuogopa ukafunga mlango.

Kwa hiyo daktari aliponiletea fomu ya ridhaa, kwamba nyama zangu zilizobaki maabara na faili langu viweze kutumika kwa utafiti jina likiwa limeondolewa, sikumuuliza nitalipwa nini. Nlimuuliza maswali kumi na mbili, nimeyahesabu, moja kwa kila sindano. Vitawekwa wapi, vitatoka nchini au la, naweza kughairi, majibu yakipatikana sisi tutaambiwa au tutasoma kwa gazeti. Mengine alijibu, mengine alisema ataenda kuuliza, na kweli akauliza akarudi. Nikatia sahihi. Saini yangu mbaya, kama mkono wa kuku.

Kaka yangu alisukuma mpaka 2023. Kemo ilimtoa nywele na ladha ya chakula lakini aliinuka, akarudi Lamu, akachonga mlango mmoja zaidi, akamuoza binti. Mwaka wa mwisho namba zikaanza kupanda tena, daktari akataka kumuanzisha vidonge vya abirateroni, bei yake mkiiskia mtakaa chini. Na hapa tena utafiti, mdogo sana huu, wagonjwa 72 tu, ulitoka Chicago 2018, mtu alikaa akafikiria: hii dawa wanakwambia umeze vidonge vinne asubuhi tumbo tupu, lakini chakula kinaifanya iingie mwilini kwa wingi zaidi, je akimeza kimoja na kifungua kinywa kisicho na mafuta mengi? Wakajaribu, PSA ikashuka sawasawa na ya walomeza vinne. Robo ya dawa. Daktari ndie alopanga hivo kwa kaka na alikuwa anampima damu na presha kila mara, msijaribu wenyewe nawaomba, sijui nani anasoma hapa. Lakini hiyo robo ndio tuliyoweza. Ingekuwa vinne angekaa bila. Asubuhi kwa asubuhi, mkate wa mofa na chai ya rangi na kidonge chake kimoja, anakiweka kwenye kisahani kama pipi.

Tulimzika Lamu siku ya Ijumaa. Mlango ule wa mwisho haujauzwa, uko kwangu, mzito sina ukuta wa kuubeba.

Barazani sikusema mpaka mwaka jana. Siku moja mwenzetu ameinuka mara ya nne, kama kawaida mmoja akasema nenda kamwagilie mnazi, wakacheka, mimi nikaweka dhumna chini nikasema nina kansa ya tezi dume mwaka wa nne huu. Kahawa ikapoa. Hakuna alosema kitu cha maana, mmoja akasema pole, mwingine akasema mbona wanenepa. Nikawaelezea kidole. Nikawaelezea na zamu. Wakaondoka mmoja mmoja nikasema basi nimewaharibia jioni.

Usiku saa nne simu, yule wa kumwagilia mnazi, ananong'ona, bila shaka yuko chooni, "aise ile damu, ni pesa ngapi?" Kesho yake mwingine, huyu alikuja gereji, akajifanya anaangalia propela. Wiki iliyopita wamekuwa watatu. Jumatatu tunapanda matatu ya saa kumi na moja alfajiri, wanne, kwenda Mombasa. Wake zao wameambiwa tunaenda kununua spea za mashine.